Mwalimu Nyerere, kodi ya nyumba na nani alipewa ufunguo

Leo nawaletea Mwalimu Nyerere, lakini sio yule wa kila Oktoba 14 mnayemsikia redioni kutwa nzima na hotuba zake. Namleta Mwalimu wa nyumba na kodi. Maana huku mtaani tangu Serikali ilipotangaza 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kweli kweli, stori ni moja tu: chumba. Kimepanda, hakuna, mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, mwingine anataka mwaka. Na vijana wakikaa kijiweni lazima atokee mmoja aseme enzi za Mwalimu nyumba zilikuwa bei poa, na mwingine amjibu kwamba zilikuwa poa kwa wenye vyeo tu. Wanabishana mpaka giza linaingia.

Mimi ni form four leaver tu, sio profesa wa historia, lakini ubishi huo umenikera mpaka nikaamua kuyafuatilia maisha ya mzee kwa njia yangu: nyumba alizolala yeye na nyumba alizogawia wengine. Twende pamoja, hata kama nusu saa yako ya kafe inaisha.

Kambarage alizaliwa Butiama, huko Musoma, tarehe 13 Aprili 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki na alikuwa na wake 22. Mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa wa tano. Piga hesabu mwenyewe hao watoto. Ukisikia mtoto wa chifu usifikirie ghorofa. Zilikuwa nyumba za udongo na nyasi kama za majirani, na Kambarage alichunga mifugo kama wenzake. Kodi ya kichwa kwa mkoloni ilikuwepo, ila kodi ya chumba hakuna aliyeijua. (Halafu angalia lugha yetu, wadau: ya Serikali tunaita kodi, ya mwenye nyumba nayo kodi. Sidhani kama wahenga walikosea.)

Nalisema hili la Butiama kwa sababu mwaka 1962 Mwalimu alipoandika kijitabu chake juu ya ujamaa, alirudi hukohuko. Hoja yake kwa kifupi ni kwamba katika jamii zetu za zamani mtu hakulala njaa wala kukosa pa kuweka ubavu wakati jirani anacho, lakini hapohapo kila mwenye nguvu alifanya kazi, hata mgeni baada ya siku mbili tatu alipewa jembe. Ardhi ilikuwa ya kutumia, sio ya kukaa nayo na kuwatoza wengine. Ukishika hilo umeshamwelewa mzee nusu nzima. Kwake yeye mwenye nyumba anayeishi kwa kodi za watu alikuwa ni yule mgeni asiyeshika jembe.

Shule napita haraka maana mnaijua: Mwisenge 1934, Tabora 1937, Makerere 1943, kufundisha St. Mary's Tabora, kisha Edinburgh kuanzia 1949 mpaka 1952 akarudi na digrii. Januari 1953 akamwoa Maria Gabriel, Mama Maria wetu, na akawa mwalimu wa St. Francis, Pugu, nje kidogo ya Dar. Julai 7, 1954 TANU ikazaliwa yeye akiwa rais wake.

Hapa ndipo naanza kuiona nyumba. Kule Pugu mwalimu na familia yake walikaa nyumba ya shule. Nyumba ya kazi ni tamu, lakini ni ya kazi. Machi 1955, baada ya kwenda Umoja wa Mataifa, New York, kuitetea Tanganyika, ilibidi achague, ualimu au siasa. Akaacha ualimu. Siku hiyohiyo mshahara ukaondoka na paa likaondoka. Mtu aliyekuja kuwa baba wa taifa alikuwa na mke, watoto wadogo na hana pa kuishi mjini. Waliompokea ni akina Sykes, Kariakoo. Baadaye akapata nyumba yake Magomeni, ndogo ya kawaida kabisa, ambayo ilikuja kufanywa makumbusho. Nikiisoma habari hiyo huwa najiuliza kama asingekuwa na wenyeji wale wa Kariakoo, historia ya nchi hii ingeendaje.

Dar ya wakati ule ilikuwa imegawanywa kwa rangi. Wazungu Oyster Bay, Wahindi mjini kati, Waswahili Kariakoo, Ilala na Magomeni. Sasa sikiliza hii, maana wengi hawaijui. Nyumba ya Serikali yenye kodi ndogo haikuanza na ujamaa. Ilianza na mkoloni. Afisa wa Kizungu alipewa nyumba kubwa yenye bustani na vyumba vya watumishi nyuma, na alilipa kidogo tu kuliko ilivyostahili. Karani Mwafrika, akibahatika, alipata kota ya vyumba viwili. Kuli wa bandarini na mama muuza vitumbua walipanga chumba kwenye nyumba ya Kiswahili, ile ya vyumba sita na korido katikati, na walilipa bei ya soko. Yaani tangu mwanzo aliyekuwa na mshahara mkubwa ndiye aliyepata punguzo kubwa. Uhuru ulipokuja 9 Desemba 1961, zile nyumba zikabaki na utaratibu ukabaki, tukabadilisha wanaolala ndani.

Mwalimu hakukaa kimya, tumpe haki yake. 1962 likaundwa Shirika la Nyumba la Taifa, NHC, likaanza kuvunja nyumba za udongo na makuti Dar na kujenga za matofali. 1963 ikapitishwa sheria ya kufuta umilikaji wa ardhi wa kudumu, mtu akabaki na haki ya kuitumia kwa miaka kadhaa. 1964 ikaanzishwa akiba ya wafanyakazi, NPF, ambayo 1997 ikaja kuwa NSSF. Vitu vikubwa hivyo kwa nchi changa. Lakini tazama NPF ilikuwa ya nani: wenye ajira. Mkulima wa mtama wa Bahi na Mpwapwa hakuwemo, na wakulima ndio walikuwa karibu nchi nzima.

Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu wakaandamana kupinga kwenda Jeshi la Kujenga Taifa kwa masharti waliyoyaona ya kuwaonea. Mwalimu akawafukuza zaidi ya 300, akawarudisha kwao. Halafu akageuka akajitazama na mawaziri wake, akakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20 na wakubwa wengine wakakatwa. Mimi nikisikia mkubwa anataka wananchi wafunge mkanda naanza kumtazama kiuno chake yeye kwanza, na huyu mzee alipita mtihani huo. Hata Ikulu hakupenda kuishi, akahamia nyumba yake ya Msasani. Hakuiba. Hilo hata wabaya wake wanakubali.

Sasa twende kwenye Azimio la Arusha, 5 Februari 1967. Shuleni tulikaririshwa mabenki na viwanda kutaifishwa. Kile kipengele kinachonihusu mimi mpangaji wa Kizota hatukukikazia. Miiko ya uongozi ilisema kiongozi wa chama au Serikali, mpaka watumishi wa ngazi ya kati, asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, na asiwe na nyumba ya kupangisha. Soma tena hiyo ya mwisho. Waziri haruhusiwi kuwa baba mwenye nyumba! Leo hii ukiipeleka hiyo bungeni sijui watabaki wangapi ukumbini.

Hoja ya Mwalimu ilikuwa kwamba mtu anayekula kodi za wapangaji hawezi kutunga sheria ya haki kwa wapangaji. Hapo nakubaliana naye mia kwa mia. Lakini kuna mtu mmoja alikataa, na sio mtu mdogo. Bibi Titi Mohamed, mama aliyewaingiza TANU wanawake kwa maelfu tangu 1955, aliyekuwa akiimba kwenye ngoma kabla ya siasa, ambaye hakwenda Makerere wala Edinburgh. 1967 akajiuzulu Kamati Kuu kwa sababu ya kipengele hichohicho cha nyumba za kupanga.

Zamani nilidhani Bibi Titi alikuwa mbinafsi tu, ndivyo tulivyoambiwa na wakubwa. Ukikaa chini ukafikiria unaona kitu kingine. Kariakoo na Ilala wanawake wengi walikuwa na nyumba za Kiswahili, chumba kimoja analala mwenyewe, vingine anapangisha. Hakuwa na ajira, hakuwa na NPF, hakuna aliyemwandalia uzee. Vyumba vile vilikuwa ndio pensheni yake. Mwalimu mwenye digrii alikuwa na mshahara wa Serikali na Serikali ingemtunza mpaka kaburini. Ukimwambia mwanamke asiye na cheti aachie vyumba kwa jina la usawa, lazima umwambie pia uzeeni atakula nini. Azimio halikumwambia. Nawaona wote wawili walikuwa na haki, na hapo ndipo mambo ya nyumba yanapokuwa magumu kuliko ubishi wa kijiweni. Yaliyompata Bibi Titi baadaye, kesi ya uhaini, kifungo cha maisha 1971 na msamaha 1972, nayaacha kwa siku nyingine.

Miaka minne baada ya Arusha likaja bomu lenyewe. Aprili 1971 Bunge likapitisha sheria ya kutaifisha majengo. Jengo lililopangishwa, lenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, linachukuliwa na Serikali. Kama jengo lina zaidi ya miaka kumi, fidia hakuna, kwa maelezo kwamba mwenyewe ameshavuna vya kutosha. Lenye umri mdogo fidia ilipigiwa hesabu kwa miaka yake. Nyumba unayoishi mwenyewe bila kupangisha hawakuigusa. Majengo yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba.

Waliopigwa zaidi ni Wahindi, kwa sababu wao ndio walikuwa na majengo ya mjini kati. Sheria haikutaja rangi, lakini kila mtu alijua inamgusa nani. Miongoni mwao walikuwepo matajiri wa kweli, na walikuwepo wenye duka waliobana matumizi miaka 20 wakajenga jengo moja, chini duka, juu familia, pembeni wapangaji wawili. Wengi wakafunga mizigo, wakaenda Uingereza na Kanada. Vijana wa leo hamuwezi kuelewa kwa nini katikati ya miji yetu majengo mengi yana majina ya Kihindi juu na mwaka wa kujengwa, lakini mwenye nyumba ni NHC. Ndiyo hivyo.

Swali ni moja, na ndilo lililonifanya niandike: ufunguo alipewa nani?

Kama ungemuuliza Mwalimu 1971 angejibu wananchi. Na kwa maana ya karatasi ilikuwa kweli, nyumba ni za umma. Lakini jengo halina vyumba vya kuwatosha wananchi wote, kwa hiyo kuna foleni, na penye foleni kuna mtu anayeshika daftari. Aliyepata flati ya Msajili kwa kawaida alikuwa mtumishi wa Serikali, wa shirika la umma au wa chama, mwenye barua, mwenye bosi wa kumpigia simu. Watumishi waliokaa nyumba za Serikali zenyewe walikatwa sehemu ndogo tu ya mshahara. Mpishi wa yule mtumishi, aliyeamka alfajiri kumchemshia chai, alirudi kulala Manzese kwenye chumba cha mtu binafsi na kulipa bei ambayo hakuna waziri aliyeipangia punguzo. Kodi ndogo ni msaada, tena msaada mkubwa, kwa sababu ni pesa ambayo Serikali ingeipata na imeamua isiipate. Ukimpa msaada huo mwenye mshahara na kumnyima asiye na mshahara, umefanya kilekile cha Oyster Bay ya mkoloni, umebadilisha rangi tu.

Sijui kama mzee aliliona hili mapema. Kwa namna alivyoishi yeye ni rahisi kukosa kuliona. Mtu asiye na tamaa anadhani wenzake wanaoshika daftari nao hawana.

Na huku kwetu je? Dodoma ndiko Mwalimu alikomwaga jasho kweli. 1970 na 1971 kulikuwa na Operesheni Dodoma, Wagogo wakahamishwa kutoka kwenye makazi yao ya mbalimbali na kuwekwa vijijini, baada ya miaka ya njaa. Mwalimu alikuja mwenyewe kukaa Chamwino, akafyatua matofali na wanakijiji. Tembe, ile nyumba yetu ya Kigogo yenye paa bapa la udongo, ilihesabika kuwa ni umaskini, ikavunjwa. Kwa wasioijua, tembe ni baridi mchana wa jua kali na joto usiku wa Julai, na haikudaiwa na mtu yeyote kodi. Kijijini ulipata maji, shule na zahanati, na hiyo sio ndogo, wapo wazee waliosoma kwa sababu ile tu. Lakini nyumba ulijijengea mwenyewe. Mtu wa mjini alijengewa na Shirika na kupunguziwa kodi, mtu wa kijijini alivunjiwa tembe na kupewa eneo la kufyatulia matofali. Novemba 1973 Mwalimu akatangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, nchi nzima.

Mwezi mmoja kabla yake, Oktoba 1973, TANU ilikuwa imeamua makao makuu yahamie Dodoma, ikaundwa CDA ya kuustawisha mji. Ramani ikachorwa: viwanja, barabara, maeneo ya viwanda. CDA ikawa mwenye ardhi wa wote, sisi wengine tukawa kama wapangaji wake kwa hati za miaka 33. Aliyejenga bila kibali alibomolewa. Watu wa Dodoma waliishi na neno bomoabomoa mpaka Mei 2017, Rais Magufuli alipoivunja CDA na hati zikapandishwa miaka mpaka 99.

Nitaje na unga, maana unga na nyumba ni hadithi moja. Miaka ile Shirika la Usagishaji, NMC, lilinunua mahindi ya mkulima kwa bei iliyopangwa na Serikali, na mjini sembe ikauzwa kwa bei ya chini iliyochangiwa na Serikali. Ukipita hapa Kizota unayaona maghala makubwa ya nafaka ya NFRA, basi ujue siasa za nafaka sio jambo geni kwa nchi hii. Nani alikula sembe ya bei nafuu? Mtu wa mjini. Nani aliuza mahindi kwa bei ndogo? Mtu wa kijijini, ambaye mwaka wa ukame naye alipanga mstari kusubiri chakula cha msaada. Ruzuku hiyo ya sembe iliondolewa 1984, Mwalimu akiwa bado Ikulu, kwa sababu hela ilikuwa imekwisha. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, mafuta kupanda bei, mashirika yanayokula hasara, kila kitu kilikuja pamoja.

Nyumba nazo zikaanza kuoza. Bei za vitu zilipanda mwaka hadi mwaka, kodi ya Msajili na NHC ikabaki palepale. Kodi ikiwa ndogo kuliko bei ya debe la rangi, nani atapaka rangi? Mabomba yakavuja, lifti zikafa, ngazi zikawa giza. Na mpangaji hatoki, kwa nini atoke? Hapo likazaliwa jambo ambalo wazee wa mjini wanalijua vizuri: kilemba. Mwenye flati ya Shirika anamwachia mtu mwingine, anapokea donge nono chini ya meza, jina kwenye kitabu linabaki lake. Au anahamia kwake Mbezi na kuipangisha ile flati ya umma kwa bei ya soko, anaweka tofauti mfukoni. Fikiria kidogo. Azimio lilimkataza kiongozi kuwa mwenye nyumba, na nyumba ya umma yenyewe ikamfanya mpangaji awe mwenye nyumba bila kujenga hata choo.

1984 ikaja sheria ya kudhibiti kodi, yenye mabaraza ya nyumba ya kusikiliza mpangaji na mwenye nyumba. Kwa mpangaji aliyekuwa tayari ndani ilikuwa ngao, hakufukuzwa ovyo wala kupandishiwa usiku mmoja. Kwa aliyekuwa nje akitafuta haikumsaidia sana, kwa sababu anayeogopa sheria hajengi vya kupangisha, na anayejenga anatafuta njia ya uani. Ilifutwa 2005. Tangu hapo kodi ni mapatano ya wewe na mwenye nyumba, na wote tunajua nani kati yenu ana haraka.

Ningekuwa mchoyo nisiposema upande wa pili. Kuna watoto waliokulia kwenye zile nyumba, wakasoma, wakapona, kwa sababu baba hakumaliza mshahara kwa mwenye nyumba. Ada ya shule ya msingi ilifutwa 1973, hospitali ya Serikali ilikuwa bure. Ukijumlisha na kodi ndogo, mtoto wa karani aliweza kuwa daktari. Mzee mmoja hapa mtaani kwetu, mstaafu wa shirika, amelala nyumba ya kazi miaka mingi, na akimtetea Mwalimu macho yanamlenga machozi. Simcheki hata kidogo. Naona tu kwamba jirani yake wa leo, aliyeuza maji kwa mkokoteni maisha yake yote, hana la kutetea katika mazungumzo hayo. Anakaa kimya anasikiliza.

Mwalimu aling'atuka urais Novemba 1985, uenyekiti wa chama 1990. Mwaka huohuo 1990 Msajili wa Majumba akaunganishwa na NHC. Februari 1991 chama chake kikakaa Zanzibar na kulegeza miiko: kiongozi ruksa kuwa na hisa, ruksa mishahara miwili, ruksa kupangisha nyumba. Mzee aliumia, na alilisema hilo hadharani mara kadhaa miaka ile ya tisini. Benki ya Nyumba iliyoanza kazi 1973 ili mtu wa kawaida akope ajenge ilikufa 1995, na wakopaji wakubwa wasiolipa walichangia kuiua.

Alipofariki London, 14 Oktoba 1999, kuna mambo hakuyaona. Hakuona kuanzia 2002 Serikali ikiuza maelfu ya nyumba zake, nyingi kwa watumishi waliokuwa wakizikalia, kwa bei zilizopigiwa kelele nchi nzima. Aliyekuwa amepata kodi ndogo sasa akapata nyumba yenyewe. Hakuona Magomeni, mtaa wake wa zamani, ambako kaya 644 za kota zilivunjiwa, zikahangaika miaka, kisha Rais Magufuli akaahidi 2016 kwamba maghorofa yakijengwa watakaa miaka mitano bila kodi, na Rais Samia akayazindua Machi 2022. Hao wa Magomeni angalau walikuwa na majina yaliyohesabiwa na kujulikana tangu mwanzo. Kaya 644, sio 645. Kwangu mimi hiyo ndiyo tofauti kubwa na zile flati za 1971, daftari lilikuwa wazi, hata jirani aliweza kulihesabu.

Yeye mwenyewe Mwalimu mwishoni alipewa nyumba. Kule Butiama alikuwa na nyumba yake ya siku nyingi, lakini jeshi, JWTZ, likamjengea kubwa mpya kama heshima kwa mstaafu. Hakuikaa sana. Mwaka uleule ilipokamilika, 1999, aliugua, akaenda Uingereza kutibiwa, akarudi kwenye jeneza akazikwa hukohuko Butiama kwenye makaburi ya familia, karibu na baba yake mwenye wake 22. Nyumba ya umma kwa mtu aliyeufanyia umma kazi maisha yake yote, hiyo simnung'unikii hata senti.

Wadau mliokulia nyumba za Msajili, na nyie ambao wazazi wenu walitoa kilemba, uwanja wenu huo hapo chini. Matusi kwa Marehemu nafuta.